Sikusikii Mpaka Useme Kiswahili

Sauti ilianza kuita jina la Ghadeer kabla Ghadeer mwenyewe hajainuka kwenye mkeka.

"Gadiri," ilisema, nyuma ya mawe makubwa upande wa bondeni. Ikanyamaza. "Gadiri," ikarudia polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo asiojua kama ni wa mlango ule.

Mahbuba hakushtuka. Pale kambini palikuwa na mtu mmoja tu aliyelitaja jina lile kwa g ya gari badala ya ghain ya kooni, naye ni mwenzake wa kazi, Jerusha, Mkenya wa Nanyuki ambaye miaka yote aliyokaa Maskati haikuwahi kumfika kooni. Akadhani Jerusha anamtania mtoto. Kisha Jerusha akatokea upande wa pili kabisa, kwenye gari, amekumbatia mzigo wa kuni na kamba ameiuma kwa meno, kwa hiyo hata angetaka kuita mtu asingeweza.

Ndipo Ghadeer alipoinuka, akachukua chupa ya maji, akaenda nyuma ya mawe yaleyale na kuanza kujitaja kwa sauti kavu ya mtu anayesomewa hukumu: "Ghadeer. Ghadeer. Ghadeer."

"Nakusikia," Mahbuba akajibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Anayekwenda haja nyikani hutaja jina lake bila kukatiza, ili mwalimu ajue alipo pasi na kumtazama, na mwalimu humjibu kila mara kwamba anamsikia. Jina likikatika, mwalimu huinuka akamfuata. Kanuni nzuri, yenye staha, na Mahbuba alikuwa na cheti kinachothibitisha kwamba anaijua. Ilikuwa pia kinyume kabisa cha kila alichofundishwa na marehemu bibi yake, mzaliwa wa Unguja, aliyesema kwamba jina la mtu halitawanywi porini magharibi ikikaribia, na kwamba ukiitwa usipomwona anayekuita, usiitike. Lakini Mahbuba alikuwa amesoma. Mafunzo ya bibi aliyatia zamani kwenye fuko aliloliandika "mila", akalifunga, na fundo akalikaza kwa shahada mbili.

Kituo chao cha mjini kiliwachukua wasichana walioshindikana majumbani na kuwaleta katika bonde hili nyuma ya mji wa Qurayyat, pale lami inapokata tamaa, wakae, watembee, wapike, wakasirike, na ikiwezekana watulie. Kazi ya namna hiyo ilipoombewa kibali, karani mmoja mwema alipekua shughuli zote zilizomo kwenye kompyuta yake asiikute, hata akaona afadhali aiweke chini ya utalii wa jangwani, kifungu cha ngamia. Kwa hiyo kisheria Mahbuba na Jerusha walikuwa wachunga ngamia. Ngamia mwenyewe alikuwa mmoja, naye aliishi kwenye karatasi, na kila mwaka mkaguzi alipiga simu kuulizia afya yake. "Alhamdulillahi," mkurugenzi wao, Daktari Alaa, alikuwa akijibu. "Hajawahi kuugua."

Ghadeer hakuwa ngamia wa karatasi. Alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa nyumba kubwa ya mtaa wa Bustan, wazee wake wametoka Unguja kama wa Mahbuba. Alikuwa amechukua gari la baba yake bila ruhusa akaligongesha kwenye sanamu ya birika la kahawa iliyosimama katikati ya mzunguko wa barabara. Baba aliomboleza gari. Mama yake, Bi Zakiya, alipokuja kumwandikisha kituoni, hakulitaja gari wala birika.

"Mimi jambo langu moja," alimwambia Mahbuba, ushungi ameushika kidevuni. "Mama yangu mzee yuko kitandani, anakwisha hivi hivi tunamwona. Mjukuu wake anamjibu kwa Kiingereza. Nataka aseme naye maneno mawili kabla hajaondoka. Hayo mengine Mungu atajua."

"Nipe mimi, Bi Zakiya," Mahbuba alisema. "Atarudi anasema Kiswahili kama maji."

Ahadi ilimtoka kwa sababu ilimgusa pabaya. Shuleni alikosoma Mahbuba, wenzake walikuwa wakinyamaza akipita, kisha wakaigiza lafudhi ya mama yake. Sasa alikuwa na mtoto wa kwao mwenyewe mbele yake aliyekikataa Kiswahili kwa hiari. Wiki nzima alimfundisha. Wiki nzima Ghadeer alitazama milima.

"Jerusha," Mahbuba alisema usiku ule kwa sauti ya chini, wasichana wamekwisha kuingia hemani. Walikuwa wamebaki wawili tu, Ghadeer na mwenzake Mazoon. Wengine walikuwa wamemaliza zamu zao. "Ulimwita Ghadeer saa zile?"

"Saa gani?"

"Kabla hajenda chooni."

"Nilikuwa na kamba mdomoni. Kwani?"

"Nimesikia mtu anamwita. Kwa matamshi yako."

Jerusha alicheka puani. "Basi ni mwangwi, dada. Hii milima imekaa na mimi msimu mzima, hata wewe ungeniiga." Akavuta blanketi. Baadaye kidogo akasema, bila kicheko, "Lakini mwangwi huja nyuma ya sauti, sivyo? Hautangulii."

Mahbuba aliona haya kuendelea. Mtu mwenye vyeti atasemaje? Alijigeuza upande, na fuko la mila likageuka pamoja naye.

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa utosini na hata nzi wamesimama, sauti ilirudi kutoka bondeni. "Gadiri." Kisha: "Gaadiri." Ilikuwa inafanya mazoezi. Kila ilipokosea ilinyamaza kidogo kama mwanafunzi anayefuta ubao, ikaanza upya, na ilipofika alasiri ile ghain ilikuwa imeshuka kooni mahali pake, laini na nzito. Upepo uliotoka huko ulileta harufu ya maji yaliyosimama muda mrefu, maji ya birika lililosahauliwa msikitini, ilhali bonde lilikuwa kavu tangu msimu uliopita. Mahbuba aliisikia harufu. Alimwangalia Jerusha, naye alikuwa amejishughulisha na kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuka.

Siku hiyohiyo Mazoon aliteleza akachanika unyayo. Jerusha na dereva wakampakia garini kumpeleka hospitali Qurayyat akashonwe.

"Tutarudi kabla ya isha," Jerusha alisema dirishani. Akasita. "Mahbuba, kaa karibu na yeye."

Wakabaki wawili, mwalimu na mwanafunzi, na Mahbuba akaona hiyo ndiyo nafasi ya somo. Akamwomba Ghadeer aseme sentensi moja tu, ya kumsalimu bibi yake. Ghadeer akamtazama kwa utulivu, akajibu kwa Kiarabu:

"Kwa nini nijisumbue na lugha ya watumishi?"

Mahbuba akajikuta tena kwenye ukumbi wa shule. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililokuja kumuunguza baadaye kuliko yote, kwamba alikuwa mtulivu kabisa.

"Vizuri," alisema. "Kuanzia sasa mimi Kiarabu sikijui. Kiingereza pia sikijui. Sikusikii mpaka useme Kiswahili. Ukiniita, niite kwa Kiswahili, ama nyamaza."

Ghadeer aliinuka akaenda nyuma ya mawe. Magharibi ilikuwa inashuka, rangi ya milima imegeuka zambarau. "Ghadeer," akaita. "Ghadeer." Mahbuba alikuwa anapuliza moto. Hakujibu. Jina likasogea mbali kidogo, kwa makusudi, jinsi mtoto anavyokwenda mbali ili afuatwe. Kisha kwa Kiarabu: "Ustadha, unanisikia? Jibu. Si ndiyo kanuni yenu?" Mahbuba akapuliza moto. Kisha mawe yakaporomoka mahali fulani chini, ukasikika mguno, na jina likakatika.

Jina likikatika, mwalimu huinuka akafuata. Mahbuba aliinuka. Akafika kwenye mawe makubwa, akasimama, kwa sababu sauti zilikuwa mbili.

Moja ilitoka chini kushoto, ikilia. "Miss Mahbuba. Mimi Ghadeer. Mimi naogopa. Mguu yangu nakamata jiwe. Mimi nasema Kiswahili sasa. Kuja, tafadhali, kuja."

Nyingine ilitoka kulia, karibu, tulivu kama mtu aliyemaliza kunawa. "Bi Mahbuba, shikamoo. Nisamehe kwa niliyokwambia, sikuwa na adabu. Nimemaliza. Ntakuja hapo ukinambia unanisikia."

Na papo hapo fuko likafunguka, na mafunzo ya bibi yakamwagika yote kwa pamoja bila mpango, na katikati yake lile alilolisema bibi mara nyingi jikoni huku akikuna nazi, kwamba jini hukopa sauti ya mtu lakini ulimi haukopeki, utamjua kwa neno atakalolivunja, na huyu wa chini alikuwa anavunja maneno yote, mguu yangu, kuja, nakamata jiwe, hakuna mtoto wa Kiunguja anayesema hivyo, Mahbuba aliwaza, akisahau kwamba alikuwa naye mmoja, akisahau kwa sababu huyu wa kulia alisema vizuri mno, alisema kama wao, alisema kila alichofundishwa wiki nzima na zaidi, na moyo wa Mahbuba, katikati ya hofu, ulipata nafasi ya kufurahi, ulisema nimeweza, na kwa furaha hiyo na hofu hiyo akageukia kushoto, akanyoosha mkono juu ya giza lililokuwa linajaa bondeni, akasoma Aya ya Kursi kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuisoma maishani mwake, na alipomaliza akasema, "Toka, mlaaniwa. Huna jina hapa."

Kule chini kilio kikakatika. Kisha: "Mimi Ghadeer. Wallahi mimi." Mahbuba akasoma tena. Sauti ikaanza kurudi nyuma, ikijikwaa, ikilia sasa kwa Kiarabu, kwa maneno ya mtoto mdogo, na kila aliposoma ikazidi kwenda, mpaka ikawa mbali kama redio ya jirani.

Mahbuba akageuka kulia. "Nakusikia," akasema.

Msichana akatoka nyuma ya mawe. Alikuwa Ghadeer, shati lake, nywele zake, kovu lake dogo la ajali ya lile birika kwenye paji la uso. Akainama akaubusu mkono wa Mahbuba. Midomo ilikuwa baridi, na ile harufu ya maji yaliyosimama ilipita ikaketi pamoja nao kwenye moto.

"Umenisomea vizuri," msichana alisema. "Nimefarijika."

Usiku ule, pale kwenye moto, Mahbuba hakusikia tena mtu akiita.

Sherehe ya kumaliza ilifanyika kituoni kwa heshima zote zinazostahili kampuni ya ngamia. Daktari Alaa alimpa Ghadeer cheti, akapigwa naye picha, akawaambia wazazi kwamba tangu kituo kifunguliwe hajaona mabadiliko ya haraka namna hii. Hapo alisema kweli tupu. Bi Zakiya alipoambiwa "Shikamoo mama, nimekukosea mengi, unisamehe," alikaa chini kwenye sakafu ya kituo akalia mbele za watu. Alimkumbatia Mahbuba. "Kama maji," alimnong'oneza. "Ulinambia kama maji."

Mahbuba alikwenda chooni akaunawa ule mkono uliobusiwa, mara tatu.

Siku zilizofuata Bi Zakiya alipiga simu karibu kila jioni kusifu. Ghadeer anapika. Ghadeer hatoki. Ghadeer amekwenda kumsalimu bibi yake kitandani, na bibi, maskini uzee huu, akageuza uso ukutani akauliza huyu nani, na tangu hapo hajasema tena.

"Na adabu yake, Mahbuba, sijui nikwambieje. Nikiwaza tu kumwita, hata mdomo sijafungua, keshasema abee."

Simu ilikuwa ya moto sikioni. Mahbuba akasema mashaallah, kwa sababu ndilo neno linalosemwa.

Jerusha ndiye aliyelipasua jambo. Walikuwa stoo wakianika mifuko ya kulalia.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinicheke," alisema. "Ile siku tukirudi kutoka hospitali, Mazoon alishusha kioo. Kulikuwa na msichana anaita huko chini kabisa ya bonde. Anaita jina lake mwenyewe, vile tunawafundisha. Nilidhani ni mzaha wa Gadiri. Nikapaza sauti, nakusikia, nikapita." Akakung'uta mfuko. "Halafu nikafika, nikamkuta Gadiri amekaa na wewe kwa moto. Sasa nimeshindwa kulala. Ni nani alikuwa anaita?"

"Mwangwi," Mahbuba alisema.

"Mahbuba."

"Nilimsomea." Mahbuba aliushusha mfuko. "Alikuwa ananiita, amekwama kwenye mawe, anaongea Kiswahili cha kuokoteza. Nikamsomea kama shetani, Jerusha. Nikamfukuza."

Jerusha aliketi juu ya mifuko. Hakuwa Mwislamu, na mambo ya majini kwao yalikuwa na majina mengine, lakini hakubisha. "Ulikuwa unamfundisha nini wiki yote?" alisema mwishowe. "Si hicho Kiswahili cha kuokoteza?"

Kwa polisi walikwenda pamoja. Afisa kijana, mwenye adabu, aliwaletea maji, akafungua kompyuta.

"Jina la aliyepotea?"

Mahbuba akalitaja.

"Ameonekana wapi mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi. Kwao, Bustan. Alikuwa anamwagilia maua."

Kijana akaiondoa mikono yake kwenye kompyuta taratibu. "Dada yangu," alisema, "mimi niko tayari kukusaidia, lakini mfumo haukubali. Ili mtu afunguliwe jalada la kupotea, lazima kwanza asiwepo."

Kwa hiyo walikwenda kwa Jaifar. Jaifar alikuwa mtu wa Qurayyat, ofisini kwake akishughulikia mbuzi wanaokamatwa wakizurura barabarani, na baada ya alasiri akisomea watu wenye mashaka. Kazi zote mbili alizifanya kwa uso uleule. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ulipomwambia huyu 'nakusikia', na yule 'toka', ulisema kwa ulimi au kwa moyo?"

"Kwa vyote viwili," Mahbuba alisema, uso umeinama.

"Hiyo mbaya. Kilichopokelewa kwa kauli hurejeshwa kwa kauli, na kauli yako wewe imemaliza kazi yake. Mtoto si wako. Mama yake aje bondeni kabla jua halijazama, aje na huyo aliye naye, amwambie mbele yetu: sikukuzaa. Hana la kuongeza. Huyo aliye naye atashuka, na yule mwenye haki ataiona njia."

"Na asipokuja?"

"Hata mbuzi wa kukamatwa wana muda wao, mwalimu. Anayekaa kwa hawa jamaa husahau kwao. Hatakufa, usiogope. Atabadilika tu. Atajifunza chochote anachoona anajibiwa kwacho."

Kumweleza Bi Zakiya kulikuwa kama kuvua nguo sokoni. Mahbuba alikaa kwenye sebule ya Bustan, kwenye kochi lenye nakshi za dhahabu, akasema yote. Alitaka kusema kwamba ilikuwa giza, lakini giza lilikuwa halijaingia sawasawa. Alitaka kusema aliogopa. Lakini furaha ile haikutokana na hofu. Akasema hilo pia. Msichana aliingia na sinia la kahawa, akamimina, akatoka kinyumenyume kama walivyokuwa wakifanya mabinti wa zamani. Bi Zakiya hakukigusa kikombe.

"Twendeni," alisema tu.

Wakaenda: Jerusha akiendesha, Jaifar mbele, na nyuma Bi Zakiya katikati ya Mahbuba na msichana. Msichana hakuuliza wanakwenda wapi. Vioo vilikuwa wazi njia nzima na bado harufu ya maji mabovu ilikuwa imewajaa kooni. Walipofika, kabla injini haijazimwa, waliisikia, nyembamba, imepwaya kwa kutumika: "Ghadeer. Ghadeer. Ghadeer." Bado anafuata kanuni. Bado anangoja ajibiwe.

Bi Zakiya alishuka, mkono mmoja kwenye mlango. Akapaza sauti, "Ghadeer?"

Kule chini jina likakatika. Kisha kilio. "Mama. Mama, wewe nakuja. Mimi hapa, mama. Kwa nini nachelewa?" Na palepale, kwa Kiarabu, hasira yake yote ya miaka kumi na sita: kwa nini mlinileta hapa, mlinitupa, siku zote mlitaka kunitupa, nakuchukia, njoo unichukue.

"Sasa," Jaifar alisema polepole. "Geuka umwambie huyu."

Bi Zakiya akageuka. Msichana alikuwa ameketi garini, mikono mapajani, anamtazama kwa macho mema yasiyopepesa.

"Ukitaka niteremke, mama, ntateremka," alisema. "Usihuzunike kwa ajili yangu. Umechoka. Ntakuja kukukanda miguu tukifika nyumbani, ama huko ntakapokwenda ntakuombea."

Bondeni mtoto alikuwa anatukana na kulia. Mahbuba aliushika mkono wa mama yule.

"Sema, Bi Zakiya. Maneno mawili."

"Nnajua," Bi Zakiya alisema, hamwangalii mtu. "Mnadhani sijui? Tangu kule kituoni, aliponibusu mkono, nnajua. Nani asiyejua aliyemzaa?" Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Lakini yule huko miaka mingapi hajanitazama usoni. Mkiniletea, ataingia chumbani afunge mlango. Huyu ananambia usihuzunike."

"Mtoto yuko hai, Bi Zakiya," Jerusha alisema. "Si anakuita?"

"Nnamsikia." Akaingia garini. Akavuta mlango. Ulipofunga, msichana alikuwa tayari ameshausogeza mkono wake uwe chini ya mkono wa mama.

Jerusha aligeuza gari. Mahbuba alitafuta ndani yake hasira ya kumpa Bi Zakiya asiipate, kwa kuwa alichokifanya yule mama mlangoni mwa gari, yeye alikuwa amekifanya kwanza, pale kwenye mawe, tena bila hata ya kulia.

Aliacha kazi. Kibali cha kituo kilipokwisha muda wake, kiliongezwa, ngamia akiwa mzima. Jerusha alihamia kufundisha michezo shule moja ya mjini, na kila mara aliandika ujumbe: umekwenda? Mahbuba alikwenda. Kila Alkhamisi baada ya alasiri alifika bondeni na gari lake, akasimama kwenye mawe makubwa, akasikiliza. Mara ya kwanza aliposema "Nakusikia", sauti ilipiga yowe ikakimbia, na hapo alielewa. Katika dunia nzima, koo lililomfukuza mtoto yule lilikuwa ni hili lake. Kila alipojibu, msichana alikwenda mbali zaidi. Kwa hiyo Mahbuba alijifunza kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiko kulekule kwa siku ile ya moto.

Lakini kimya kilimrudisha mtoto karibu, wiki baada ya wiki. Alikuwa anajisemea huko chini. Mguu yangu. Mguu wangu. Wewe nakuja. Unakuja. Alikosea akanyamaza, akaanza upya. Mahbuba alikaa juu ya jiwe amejiziba mdomo kwa kanga, akilia bila sauti, kwa sababu alitambua mazoezi ya somo lake mwenyewe, neno kwa neno, na kwa sababu alikwishawahi kusikia kitu kikifanya mazoezi namna ile katika bonde lilelile, na hakuwa na hakika tena anamsikiliza nani.

Alkhamisi moja hapakuwa na mazoezi. Jua lilikuwa limekwisha kugusa mlima. Kutoka nyuma ya mawe makubwa, hatua chache tu, kulia wala si kushoto, ilikuja sauti ya Ghadeer, tulivu, imetakata.

"Shikamoo, Bi Mahbuba. Nimejifunza kama ulivyotaka. Nisamehe kwa niliyokwambia, sikuwa na adabu. Mguu wangu umepona, nyumbani nimepakumbuka. Sasa unanisikia?"

Mahbuba aliufungua mdomo wake, na marahaba ikabaki ulimini, kwa kuwa katika maneno yale yote hapakuwa na hata moja lililovunjika.